Besi ya Dabstepu kwa Sinthesaiza za Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Maprodyuza wa Mombasa

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza muziki kwa laptopu chumbani, kuanzia Kisauni hadi Likoni, wakitaka besi inayonguruma bila kununua mashine. Maswali tumeyaweka jinsi yanavyoulizwa. Tumechukulia kwamba kufungua programu ya muziki na kupanga noti unajua, hayo hatutayarudia.

Dabstepu ni muziki gani hasa, na besi yake ina upekee gani?

Ilizaliwa kusini mwa London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Skream, Benga na Hatcha walikuwa vijana wa kushinda kwenye duka la santuri la Big Apple. Baadaye Mala, Coki na Loefah wakaanzisha usiku wa DMZ kule Brixton. Walichukua gareji ya Kiingereza (aina ya muziki wa dansi), wakaipunguza vyombo, wakaitia uzito wa dabu ya Jamaika, tawi la rege. Mtu wa Pwani aliyekulia kwenye rege hapati taabu kuuelewa uzito huo.

Kasi yake ni mapigo 140 kwa dakika, ila sneya (ngoma yenye mlio mkali) hulia mara moja tu katika kila mapigo manne, kwenye pigo la tatu. Masikio yanahesabu 140, mwili unacheza 70. Hapo katikati panabaki nafasi kubwa tupu, na nafasi hiyo ni milki ya besi. Wamarekani walipoichukua, besi ilipanda kutoka tumboni ikaja usoni, ikawa na makelele na meno. Skrillex alishinda Grammy 3 mwaka 2012 kwa mtindo huo. Wazee wa Croydon wapo ambao mpaka leo hawajaupenda.

Iwe ya Croydon au ya Marekani, jambo ni moja: ukiisimamisha besi ya dabstepu usikilize sauti yake ikiwa imetulia, mara nyingi ni wimbi la kawaida ambalo kila sinthesaiza (mashine au programu ya kutengeneza sauti) inalo. Kinachokushtua ni mwendo wake. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu kipi kisogee, kwa kasi gani, na kipi kiachwe palepale.

Nina laptopu ya mtumba. Nianze na programu gani?

Anza na Vital. Ilitolewa mwaka 2020 na Matt Tytel, na toleo lake la bure lina injini ileile ya toleo la kulipia. Unachokosa zaidi ni priseti (sauti zilizokwisha kutengenezwa) na majedwali ya mawimbi (mikusanyo ya mawimbi ya kuchagua) ya ziada. Ubaya wake ni michoro inayosogea kwenye skrini, ambayo huilemea laptopu ya zamani. Ikikushinda, Surge XT nayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na ni nyepesi. Sura yake haipendezi, lakini msikilizaji wako haioni.

Serum ya kampuni ya Xfer Records, kazi ya Steve Duda, ilitoka mwaka 2014 na ndiyo utakayoiona kwenye video nyingi za mafunzo. Toleo la kwanza liliuzwa dola 189. Kabla yake aliyetawala ni Massive ya Native Instruments. Ukifuata funzo la Serum ukiwa na Vital utafika vilevile, maana vitufe karibu vyote vina ndugu zake.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi: mbali na haki ya aliyeitengeneza, nyingi zinakuja na virusi, na siku kompyuta ikigoma hupotezi programu tu, unapoteza projekti zako zote. Siku hizi vya bure vinatosha. Na ukitumia FL Studio ya majaribio, jua kwamba inahifadhi projekti lakini haikuruhusu kuifungua tena, kwa hiyo toa sauti ya kila traki kama WAV kabla ya kufunga.

Besi ya wobo inatengenezwaje? Nielezeni tangu mwanzo.

Weka osileta moja (chanzo cha sauti ndani ya sinthesaiza), wimbi la msumeno, noti F ya chini. Wimbi la msumeno linafaa kwa sababu lina hamoniki zote (masafa yaliyo mara mbili, tatu, nne ya noti, na kuendelea), za shufwa na za witiri, kwa hiyo filta itapata cha kula. Washa filta inayopitisha sauti za chini, ya dB 24 kwa oktava, ushushe kikomo chake mpaka ukali wote upotee, kama Hz 100 hivi. Sasa chukua LFO, ambayo ni wimbi la polepole lisilosikika lenyewe bali linazungusha vitufe kwa niaba yako, uiunganishe na kikomo cha filta. Iache ikipandishe mpaka Hz 1,500 au 2,000 kisha ikirudishe. Umepata wobo. Dakika tano zimetosha.

Ila wobo hiyo itakuchosha upesi, na hapa ndipo kazi inapoanza.

Kwanza kasi. Funga LFO kwenye tempo ya wimbo. Kwa mapigo 140, pigo moja ni sekunde 0.43. LFO inayozunguka mara moja kwa pigo ni kama mizunguko 2.3 kwa sekunde. Mara mbili kwa pigo ni 4.7, mara tatu kwa pigo ni 7 kamili, mara nne ni 9.3. Hiyo ya tatu kwa pigo isikilize vizuri. Aliyekulia kwenye harusi za Pwani anaijua tayari, kwa sababu chakacha inatembea kwa tatu-tatu. Weka wobo ya 7 juu ya sneya nzito ya dabstepu, kisha mahali pa ngoma ndogo uweke mdundo wa chapuo, uone jinsi vinavyoshikana bila kulazimishwa. Kwa maoni yetu hapa ndipo prodyuza wa Mombasa ana mtaji ambao mwenzake wa ughaibuni hana, na wengi wanaupita wakikimbilia kunakili mdundo wa YouTube.

Pili, usiiache kasi moja baa nzima (mapigo manne). Badilisha: pigo la kwanza polepole, la pili tatu-tatu, la tatu kimya, la nne haraka. Kwenye Vital unaweza kuchora otomesheni ya kasi ya LFO, au ukatengeneza LFO tatu za kasi tofauti na kuamua ipi ishike kwa noti ipi. Kimya kihesabu kama noti. Wanaoanza huwa wanaogopa kimya.

Tatu, umbo la LFO. Umbo la sini linapanda na kushuka kwa upole mpaka linaleta usingizi. Chora linalopanda ghafla na kushuka kwa mkunjo, au linaloshuka tu. Na uhakikishe LFO inaanza upya kila noti inapobonyezwa; isipoanza upya, kila noti itaanzia mahali tofauti kwenye mzunguko na mdundo wako utakosa mshiko. Maswali mengi ya "kwa nini besi yangu inayumba ovyo" huishia kwenye kitufe hicho kimoja.

Kwenye spika za studio besi ni tamu, kwenye simu haipo kabisa. Kuna nini?

Noti F ya chini ina masafa ya Hz 43.65. Spika ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa ya namna hiyo. Nyingi huanza kusikika vizuri zaidi ya Hz 200 au 300. Kwa hiyo kama besi yako ni wimbi la sini tupu, simu haina cha kupiga.

Dawa ni kuigawa besi mara mbili, na ukichukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili. Safu ya chini, ambayo maprodyuza wanaiita sabu, iwe wimbi la sini peke yake, mono (sauti moja ya katikati, si kushoto na kulia tofauti), bila LFO, bila kuchafuliwa, bila rivabu (mwangwi). Safu ya juu iwe na fujo zote unazotaka, lakini ikatwe kwa filta isishuke chini ya Hz 100 hadi 120. Zote mbili zicheze noti zilezile. Simu itapiga ile ya juu, na ubongo wa msikilizaji utamalizia: masikio yakisikia hamoniki za Hz 218, 262 na 306 kwa pamoja, yanakisia kwamba zina msingi wa Hz 43.65 hata kama spika haikuutoa.

Wanaokataa kugawa husema wanataka besi "moja iliyoshikana". Tatizo ni kwamba filta, unisoni (nakala kadhaa za sauti moja) na distoshoni (kuichafua sauti) zote zinasogeza fezi (mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake), na fezi ikisogea kule chini, nguvu inapanda na kuzama bila mpango. Kwenye hedifoni hutaigundua. Kwenye spika kubwa utaigundua mbele ya watu.

Sabu iwe noti gani?

Kati ya E na A za chini, yaani Hz 41 hadi 55. Chini ya hapo mifumo mingi inachoka, juu ya hapo uzito unapungua. Nyimbo nyingi za dabstepu ziko F au karibu yake kwa sababu hiyo.

"Reese" ni nini, na kwa nini yangu inasikika nyembamba?

Ni besi ya mawimbi mawili au zaidi ya msumeno yaliyopishana kidogo kwa tuni. Jina limetoka kwa Kevin Saunderson wa Detroit, aliyetumia jina la Reese kwenye rekodi yake ya mwaka 1988 yenye sauti hiyo. Wapiga muziki wa jango na wa dramu-na-besi wakaichukua, dabstepu ikairithi.

Mwendo wake hauhitaji LFO, unatoka kwenye ule mpishano. Chukua noti A ya Hz 55, osileta mbili zikipishana senti 10 (senti 100 ni nusu toni): tofauti yao ni kama Hz 0.3, kwa hiyo sauti ya msingi inavimba na kunywea mara moja kila sekunde tatu hivi. Hamoniki ya kumi inafanya hivyo mara kumi haraka zaidi. Ndiyo maana unasikia chini kunatembea pole na juu kunachemka, vyote kwa wakati mmoja.

Ikisikika nyembamba, mara nyingi umeweka unisoni ya sauti 16. Sauti zikizidi, mivimbo inafutana na kinachobaki ni mvumo wa nyuki. Rudi kwenye mbili au tatu.

FM inanichanganya. Ile ngurumo ya mnyama inatoka wapi?

FM maana yake ni osileta moja kutikisa masafa ya nyingine kwa haraka sana, mpaka mtikisiko wenyewe unageuka kuwa rangi ya sauti. John Chowning aliigundua njia hii Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, Yamaha wakanunua haki ya kuitumia, na sinthesaiza yao ya DX7 ya mwaka 1983 ikaifikisha kwa kila mtu. Kwenye kompyuta, FM8 ya Native Instruments imejengwa juu ya wazo hilo, na Vital, Surge na Serum zote zinaweza.

Jaribu hivi. Osileta A wimbi la sini, noti F. Osileta B nayo sini, oktava moja juu, ushushe sauti yake iwe sifuri ili isisikike, kisha iamuru itikise A. Pandisha kiwango taratibu. Kwa sababu B ni mara mbili ya A, zitazaliwa hamoniki za witiri tu, na sauti itaelekea kwenye ubao, mashimo-mashimo. Ziweke noti moja, A na B sawasawa, utapata hamoniki zote na sauti kali zaidi. Weka uwiano usio namba kamili, sauti inakuwa ya kengele na besi inapoteza noti yake, jambo ambalo kwa sekunde moja ya kutisha linafaa.

Sasa toa mkono wako kwenye kiwango kile, umpe LFO. Ngurumo ndiyo hiyo. Hamoniki zinazaliwa na kufa mara nyingi kwa sekunde, na sikio linazisikia kama koo la kiumbe. Kumbuka sabu haimo humu. Sabu imekaa kwenye traki yake, haijui kinachoendelea.

Nataka besi inayoongea. Inawezekana bila vokoda (kifaa cha kuipa ala sauti ya mtu)?

Inawezekana. Vokali hutambulikana kwa vilele viwili vya masafa ambavyo mdomo na koo hutengeneza, vinavyoitwa fomanti. Kwa sauti ya mwanamume, "i" ina kilele karibu na Hz 300 na kingine karibu na Hz 2,300. "A" ina kama 700 na 1,200. "U" inavyo vyote viwili chini, kama 300 na 800.

Sasa tamka neno "yai" polepole kabisa, ukisikiliza mdomo wako. Unaanzia kwenye "i", unafunguka "a", unarudi "i". Kilele cha kwanza kinapanda kisha kinashuka. Cha pili kinashuka kisha kinapanda. Weka filta mbili za kilele juu ya ngurumo ya FM, uziunganishe na LFO moja lakini kwa mielekeo inayopingana, na besi itasema "yai, yai, yai". Ukitaka iseme "wewe", filta ya chini isogee kidogo tu kutoka 300 hadi 450, ile ya juu iruke kutoka 800 hadi kama 1,900. Kiswahili kina vokali tano safi, hazifichwi wala hazimezwi, kwa hiyo karibu neno lolote fupi linaweza kuwa ramani ya LFO. Mafunzo ya Kiingereza yamejaa "yoi" na "wau" kwa sababu ndizo walizozoea wao.

Filta tayari za vokali zimo ndani ya Vital na Serum, ila ukizitumia peke yake utafanana na watu elfu.

OTT na distoshoni nitie kiasi gani?

OTT ni kompresa ya bendi tatu inayopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa kwa mpigo mmoja. Ilianza kama priseti ndani ya Ableton Live, kisha Xfer wakaitoa kama plagini ya bure. Inatoa undani wote uliojificha, pamoja na takataka zote zilizojificha. Asilimia 20 hadi 40 inatosha kwa safu ya juu. Kwa sabu, sifuri.

Distoshoni swali lake kubwa ni mahali pa kuiweka. Filta ikitangulia, distoshoni inapokea sauti inayovimba na kunywea, kwa hiyo uchafu unapumua pamoja na wobo. Distoshoni ikitangulia, filta inakata uchafu uliokamilika, na mwendo unasikika msafi zaidi. Tunapenda ya kwanza kwa ngurumo na ya pili kwa wobo ya kizamani.

Nawezaje kuingiza sauti za hapa nyumbani?

Kwa kuzigeuza kuwa jedwali la mawimbi. Vital na Serum hupokea faili la sauti na kulikata vipande vidogo vya wimbi. Kwenye Serum kila kipande ni sampuli 2,048 na jedwali linabeba hadi vipande 256. Kisha LFO inatembea kutoka kipande hadi kipande.

Zumari inafaa kupita kiasi. Ni ala ya mwanzi wa ulimi mara mbili, ina hamoniki nyingi zenye makali, na mpigaji anapopinda noti rangi inabadilika. Ukiishusha oktava tatu hakuna atakayejua imetoka wapi, ila wa nyumbani atahisi. Omba ruhusa kwa mpigaji. Injini ya tuktuk ikisubiri abiria nayo ni nzuri. Honi za matatu si nzuri kihivyo, zina kelele za barabara juu yake. Rekodi noti moja ndefu iliyotulia, sekunde mbili zinatosha.

Njia nyingine ni kuirekodi besi yako mwenyewe kama sauti, kuikata, kuigeuza nyuma-mbele, kuishusha tuni, kisha kuipitisha tena kwenye filta. Maprodyuza wa mtindo huu hurudia hivyo mara kadhaa. Pia inaipumzisha prosesa.

Chumbani kwangu noti F inavuma mpaka dirisha linatetemeka, G haisikiki. Sinthesaiza imeharibika?

Hapana, pima chumba. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo hapa ni la kawaida, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 huitikia masafa ya 349 kugawa kwa 8 (urefu mara mbili), yaani Hz 43.6. Hiyo ni F yako kabisa. G iko Hz 49, imeangukia pasipo na msaada. Chumba cha mita 3 kitavuma karibu na Hz 58.

Godoro ukutani halisaidii sana kule chini. Sogeza kiti usikae katikati ya chumba, angalia kiwango cha sabu kwenye mita ya spektra, na uamini mita kuliko masikio kwa oktava hiyo moja.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mmoja. Majirani wanalalamika.

Wana haki. Mawimbi ya chini yanapita kwenye ukuta ambao sauti ya kawaida haipiti, na mlango wa ubao ni kama haupo. Tumia hedifoni zinazofunika sikio, kazi ya sabu ifanye mchana, na wakati wa adhana zima. Jeki zako nazo zifute mara kwa mara. Hewa ya chumvi inazila na utadhani mkwaruzo ni distoshoni.

Kiki (ngoma kubwa) na sabu zinagombana.

Mpe mmoja njia. Unganisha saidicheni (sauti moja kuipunguza nyingine) ili kiki ikipiga, sabu izame kwa milisekunde 80 hadi 120 kisha irudi. Au kata noti ya sabu ianze baada ya kiki. Hii ya pili haihitaji plagini yoyote.

Kondakta amekubali kupiga wimbo wangu kwenye matatu. Nimpelekee nini?

WAV, si MP3 ya kubahatisha. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili faili lifike jinsi lilivyo. Kilele kisizidi dB -1. Kila kilicho chini ya Hz 120 kiwe mono, na chini ya Hz 30 kata kabisa: boksi la spika lenye tundu la hewa lina masafa ambayo chini yake nguvu huanguka ghafla huku koni ikiendelea kurukaruka bure, na hapo ndipo spika za watu huungua. Ingia wewe mwenyewe ndani ya gari, kaa kiti cha nyuma, ukiwa na laptopu na projekti imefunguliwa. Utashusha sabu kwa dB 2 au 3, karibu kila mara.